Bonifasia Hakuwa Trekta

Kitabu cha historia ya kiwanda cha Umatengo Bodi nimekiandika mimi. Jina langu liko kwenye jalada, chini ya picha ya gari la taka la kijani: Mwalimu Lidia Ndunguru. Kina kurasa arobaini na nane na karatasi nzuri inayong'aa, na sehemu kubwa ya yaliyomo ni kweli. Uongo uliomo unamhusu mwanamke mmoja anayeitwa Notburga Kapinga. Niliusoma herufi kwa herufi kabla haujaenda kupigwa chapa, nikaweka na mkato mahali ulipokosekana.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbinga. Nilikuwa nimeshaandika vitabu viwili vya jubilei, kimoja cha parokia na kingine cha shirika la masista, na nadhani ndivyo vilivyomfikia Elias Kapinga. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alinipigia simu. Kampuni yake ilikuwa inatimiza miaka kumi, alisema, na alitaka historia yake iandikwe kwa Kiswahili kilichonyooka, kitabu cha kuwapa wageni siku ya sherehe.

Kiwanda hicho kinatengeneza magari ya taka. Wananunua lori lililochoka, wanalivua mpaka libaki chesisi na injini, halafu wanalijengea bodi mpya: tumbo la chuma lililofungwa pande zote, mlango wa nyuma unaonyanyuka, na bamba la ndani la kushindilia taka. Halmashauri kadhaa za kusini zinayatumia. Nilikwenda pale kila Jumamosi kwa wiki tano, nikiwa na daftari, na kitu cha kwanza kilichonishangaza kilikuwa lugha ya mafundi.

"Hapo kwapani pamebaki upenyo," mmoja alimwambia mwenzake.

"Ni kwa sababu bega limekaa juu. Lishushe."

Sehemu zote za bodi zilikuwa na majina ya namna hiyo. Pale tumbo la mviringo linapokutana na ukuta wa pembeni paliitwa kwapa. Ukingo wa juu ulikuwa bega. Mdomo wa nyuma unaopokea taka ulikuwa kola. Nilimuuliza Placidi, fundi wa kuchomelea mkongwe kuliko wote, nani aliyatunga majina hayo.

Alivua miwani yake nyeusi akacheka. "Maneno ya Dada Notburga hayo, Mwalimu. Mdogo wake bosi. Ukitaka kujua gari hili lilizaliwaje, hapa unapoteza muda. Nenda nyuma ya soko, uliza fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya."

Nikaenda. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, amezungukwa na kitambaa cha zambarau, pini tatu mdomoni. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, futi imening'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni sare za shule, foleni imefika Septemba."

Nilimweleza kilichonileta. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akaniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama zamani.

"Kwa hiyo wanaandika kitabu," alisema. "Sawa. Kaa hapo kwenye kigoda. Ila mimi nitakuwa naendelea kukata."

Nilikaa kwenye kile kigoda siku nne, kila siku kuanzia saa nane mchana mpaka alipofunga. Kila siku alinipa chai na kiazi kitamu.

Alizaliwa Mapera, mtoto wa mwisho wa familia ya wakulima wa kahawa. Baba yao alifariki Notburga akiwa darasa la tatu na Elias ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Elias aliacha shule. Alipalilia kahawa, akabeba magunia kwenye ule mteremko wao mkali, akamsomesha mdogo wake mpaka akamaliza la saba.

"Hilo uliandike kabisa, Mwalimu," Notburga aliniambia, na hapo mkasi ulisimama. "Kaka yangu aliacha shule kwa ajili yangu. Ukiandika mengine yote ukaacha hilo, utakuwa umemdhulumu."

Nikaandika.

Baada ya la saba masista walimfundisha kushona. Sista mmoja mzee hakuruhusu msichana yeyote aguse kitambaa kabla hajakata kwanza karatasi. Kila gauni, kila kanzu, hata foronya, ilianza kwa karatasi ya vipimo, na karatasi zilitunzwa kwa kutundikwa kwenye misumari ukutani. Notburga aliichukua tabia hiyo na hakuiacha tena. Aliolewa Kingerikiti na Victor, seremala, wakapata binti, Yuliana. Victor alipougua ini na kufariki, ndugu zake waligawana shamba, na Notburga akarudi Mbinga na cherehani yake na mtoto wa miaka tisa. Elias wakati huo alikuwa na banda karibu na soko. Alichomelea madirisha na milango, na msimu ukifika alitengeneza mashine za kumenyea kahawa za watu. Aliondoa vyuma upande mmoja wa banda, akafagia mwenyewe.

"Weka cherehani hapa," alimwambia. "Kelele utazizoea."

Walifanya kazi hivyo miaka minne, yeye na chuma chake, dada yake na vitambaa vyake.

Mwaka 2010 Bwana Afya wa mji, mzee Cleopa, alikuja bandani akiwa amekasirika. Taka za soko zilikuwa zinabebwa kwa tela la wazi linalovutwa na trekta. Milima yetu mnaijua. Tela likipanda, maji machafu yalimwagika njia nzima; likishuka, mifuko ya nailoni ilipeperuka mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Alitaka tela lililofungwa, lenye tumbo la mviringo, ili likiinuliwa dampo taka ziteleze zenyewe zisigande kwenye pembe.

Elias alikubali kazi. Wiki tatu zikapita, shiti nne za chuma zikaharibika. Kila alipoukunja mviringo na kuuleta kwenye ukuta wa pembeni, palibaki upenyo wa kupitisha mkono. Akijaribu kuuziba kwa kuchomelea vipande, maji yalivuja. Notburga alikuwa anatazama toka kwenye cherehani yake. Siku shiti ya nne ilipoharibika, alishindwa kuvumilia.

"Kaka, nguo yako inabana kwapani."

"Notburga, niache. Hiki ni chuma."

"Chuma au kitenge, kosa lako ni lile lile. Umekata mkono sawasawa na tundu lake. Mkono haukatwi hivyo. Kichwa cha mkono lazima kizidi kidogo, halafu unakivuta polepole ukiwa unaunganisha. Ndiyo maana bega linakaa."

Elias alikuwa amechoka kiasi cha kutobishana. Alikaa kwenye ndoo, akamwachia. Notburga alifungua mifuko ya saruji, akaikung'uta, akaigandisha kwa uji wa sembe mpaka ikawa karatasi kubwa kama mkeka. Akapima tela kwa futi yake ya ushonaji. Akakata. Na kwa kuwa hakuwa na maneno mengine ya kuita vitu vile, aliandika kwa penseli maneno aliyoyajua: bega, kwapa, kola, mgongo. Mahali palipohitaji chuma kizidi, alikumbuka gauni aliloshona juma lile, la rafiki yake Bonifasia anayeuza maharage sokoni, mama mwenye mikono mizito ambaye kila gauni lake lilihitaji nafasi ya ziada. Akaandika: *Hapa ongeza vidole viwili kama kwa Bonifasia.*

Elias alikata shiti kwa kufuata karatasi. Mviringo ukaingia kwenye ukuta. Wakajaza tela maji, wakangoja nusu saa, pakabaki pakavu chini.

"Alininyanyua juu," Notburga alinisimulia. "Mbele ya wateja, mimi mjane mzima. Alisema, 'Mdogo wangu, umetuvusha.' Sauti yake naisikia mpaka leo."

Toka hapo kila bodi ilianza kwa karatasi zake. Malori hayafanani upana, na Notburga alilala chali chini ya kila chesisi akiwa amejifunga khanga mbili, akipima. Asubuhi alikuwa kiwandani, mchana kwenye cherehani. Mwaka 2014 Elias alikwenda Songea kuandikisha kampuni. Wenye kampuni waliandikwa wawili, Elias na mkewe Beata. Notburga siku hiyo alikuwa anamalizia magauni ya komunyo ya kwanza. Nilimuuliza kama hakuona ajabu.

"Ajabu ya nini? Kiwanda kilikuwa chetu."

Mwaka 2020 kampuni ilimwajiri Valence, mhandisi kijana, akaja na kompyuta. Valence alikaa na Notburga miezi minne akinakili karatasi zote thelathini na moja kwenye mashine yake. Alikuwa na heshima, alimwita Mama Vipimo, alimuuliza sababu ya kila mstari. Alipomaliza, simu za kiwandani zikapungua, kisha zikakoma. Notburga hakulalamika. Alifikiri ndivyo kazi inavyokwenda, kwamba amewafundisha na wamejua.

Siku yangu ya nne pale, niliona ukutani nyuma ya cherehani misumari mitupu, mingi, kwenye mstari. Alisema Elias alipita Jumapili iliyotangulia baada ya misa, akaziomba zile karatasi ili akazihifadhi kiwandani, zisije zikaliwa na panya. Notburga alimkunjia vizuri na kumfungia kwa utepe wa kitambaa.

Nilirudi nyumbani nikaandika sura ya pili ya kitabu kwa siku sita. Nikaiita "Mkasi wa Notburga." Ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na mpaka leo sijaandika kitu kizuri kuliko hicho.

Elias aliisoma ofisini kwake nikiwa nimekaa mbele yake. Ni mtu mpole, sitaki mfikiri vinginevyo. Alipofika mahali pa yeye kuacha shule, alifuta macho kwa kiganja. Alipomaliza alizipanga kurasa, akazigongesha mezani zikalingana.

"Mwalimu, umeandika vizuri mno. Lakini haitafaa."

"Kuna kosa?"

"Hakuna kosa. Ndivyo ilivyokuwa." Alishusha sauti ingawa tulikuwa wawili. "Kitabu hiki kitasomwa na wakurugenzi, na wahandisi wa mikoa. Nikishindania zabuni, wenzangu wana wataalamu wenye vyeti. Mimi nitasema nini? Kwamba gari langu la tani nane lilikatwa na fundi cherehani wa darasa la saba, kwa mifuko ya saruji? Watacheka, halafu watanunua kwingine. Nina watu ishirini na sita wanaokula hapa."

"Tunaweza kuifupisha," nilisema.

Hapo ndipo nilipoanza kuteleza. Sura ikawa kurasa nne. Wiki iliyofuata ikawa aya moja. Mwisho ikawa sentensi: *Katika miaka ya mwanzo mwanzilishi alipata msaada wa familia yake.* Kisha Elias akasema majina ya sehemu za bodi yatahitaji maelezo, kwa kuwa wageni huyauliza, na akanieleza alivyotaka. Sentensi iliyopigwa chapa, ukurasa wa tisa, ni hii: *Tangu mwanzo Bwana Kapinga aliliona gari kama mwili wa binadamu, ndipo akazipa sehemu zake majina ya kwapa, bega na kola.* Maneno "tangu mwanzo" niliyaongeza mimi. Nilisikia sentensi inapendeza zaidi.

Mtu akiniuliza kwa nini nilikubali, jibu ni fupi. Nilitaka kuona jina langu kwenye jalada linalong'aa. Basi.

Sherehe ilifanyika Mbamba Bay, mwezi Juni, kwa kuwa siku hiyo hiyo kampuni ilikuwa inakabidhi magari mawili kwa watu wa ziwani. Tuliteremka milima asubuhi, ziwa likafunguka chini yetu, na ufukweni kulikuwa na mahema, viti vya plastiki na ngoma. Mafundi wote ishirini na sita walivaa ovaroli mpya za kijani. Zilishonwa na Notburga. Yeye pia alikuja, amevaa gauni la bluu na kofia, amekaa mstari wa nne pamoja na ndugu. Aliponiona alinipungia mkono kwa furaha. Hakuwa amekisoma kitabu. Nilikuwa nimemkwepa tangu mwezi wa nne.

Pembeni ya jukwaa palikuwa na hema la maonyesho. Ndani yake, kwenye fremu kubwa ya kioo, ziliwekwa karatasi tatu za mifuko ya saruji, na chini yake kibao: *Michoro ya kwanza ya mwanzilishi, Elias Kapinga, 2010.*

Nilimwona Notburga akiingia hemani. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Alisoma kibao, kisha akasogea karibu zaidi, akakisoma tena. Wakati huo huo Elias aliingia na wageni, kiasi cha watu kumi, akiwaonyesha hiki na kile. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani, aliinama kwenye kioo akasoma kwa sauti: "Hapa ongeza vidole viwili kama kwa Bonifasia." Akacheka. "Bwana Kapinga, Bonifasia ni nani?"

Elias alimwona dada yake. Nina hakika alimwona, maana macho yake yalimpita na kurudi. Alikuwa na nafasi ya kusema neno lolote.

"Aa, Bonifasia," alisema akitabasamu. "Lilikuwa jina la trekta letu la kwanza."

Wageni wakacheka, wakasema ni jina zuri kwa trekta.

"Kaka," Notburga aliita. Hakupaza sauti. "Bonifasia ni trekta?"

Yule mama mwenye miwani alimwangalia Notburga, akamwangalia Elias.

"Notburga, tutaongea nyumbani," Elias alisema.

"Bonifasia ninasali naye jumuiya moja. Jumatano iliyopita alikula kwako."

"Nimesema tutaongea nyumbani." Akawageuza wageni kwa mkono, taratibu, akawatoa nje kwenda kuona mlango wa gari unavyonyanyuka. Mkewe Beata alibaki nyuma kidogo, akamwambia wifi yake asiharibu siku ya watu, naye akatoka.

Nilibaki mimi. Notburga alichukua kitabu kwenye lundo lililokuwa mezani. Alikuwa msomaji wa polepole, anayefuata kwa kidole. Alikwenda ukurasa kwa ukurasa, akafika wa tisa, kidole kikatulia hapo. Nje muziki ulikuwa umeanza tena.

"Mwalimu, haya umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi, mama."

"Ulikaa kwangu siku nne."

"Ndiyo."

"Kuna mtu alikuambia kwamba ni uongo? Kwamba nilikudanganya?"

"Hapana. Nilijua ni kweli."

Alikifunga kitabu, akakirudisha kwenye lundo na kukilinganisha na vingine. Kofia yake ilikuwa imekwenda upande na hakuiweka sawa. "Kaka yangu nitajua namna ya kumfikiria," alisema. "Nimemjua maisha yangu yote. Wewe sikukuomba uje."

Aliondoka kwenda barabarani, akapanda gari la abiria kurudi Mbinga peke yake kabla hotuba hazijaanza.

Kikao cha familia kilifanyika Mapera, kwa mama yao, bibi Katarina. Niliyajua ya huko kwa Placidi, ambaye ni binamu yao na alikuwepo. Elias alieleza kama alivyonieleza mimi: zabuni, vyeti, watu ishirini na sita. Alisema ni maneno ya kwenye karatasi tu, damu haifutwi na karatasi. Bibi Katarina alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, huyu aliacha shule kwa ajili yako."

"Najua, mama. Nimelisema hilo kwa kila mtu. Hata kwa mwandishi nililisema la kwanza." Kisha akamwambia Elias: "Sitaki kitabu kingine. Sitaki unitaje mbele ya wageni wako. Nirudishie karatasi zangu, niondoke nazo."

Aliyejibu ni Beata. Karatasi zilikuwa zimeshaandikishwa rasmi, alisema, pamoja na michoro ya kompyuta, kwa jina la mwanzilishi. Wakili alizitaka kama ushahidi wa ubunifu. Ziligongwa mihuri tangu mwezi Machi. Haziwezi kutoka.

"Mwezi Machi," Notburga alirudia. "Kwa hiyo siku ile ya panya."

Elias aliangalia mikono yake. Placidi anasema hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona Elias ameshindwa kumtazama dada yake usoni, na kwamba Notburga alingoja, alingoja kabisa kwa muda wa kutosha, ili kaka yake aseme hata neno moja. Lilipokosekana alinyanyuka, akamuaga mama yake, akatembea mpaka barabara kuu.

Watu walimshauri aende mahakamani. Valence, yule mhandisi, alimtumia ujumbe kwamba yuko tayari kusema alichokiona, ingawa baadaye aliacha kupokea simu. Notburga alisema hawezi kumshitaki mtu aliyembebea magunia. Wala hakuweza kukaa kwenye mji ambao gari la taka linapita mlangoni kila asubuhi, limeandikwa ubavuni jina la kaka yake. Kabla ya Krismasi alipakia cherehani kwenye gari, akahamia Mbamba Bay kwa binti yake Yuliana, ambaye ameolewa huko na mvuvi wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Anashona maturubai, sare, na mapazia ya nyumba za wageni.

Mimi nilikwenda kumwona mwezi Februari. Nilichukua zile kurasa kumi na mbili za mwanzo. Alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akazipokea kurasa kwa mikono miwili. Alisoma mbili za kwanza kwa kidole. "Victor aliugua ini," alisema. "Umeandika malaria." Nilikuwa na kalamu, nikasahihisha hapo hapo. Alinirudishia. Alisema asingependa kuendelea, ana kazi ya watu. Chai hakunipa, na sikuitegemea. Nilipokuwa nafunga mkoba alisema, bila kuinua kichwa, kwamba kama nina haja ya kuandika niandike, lakini nisimwonyeshe tena, na nisimfanye Elias kuwa mtu mbaya tangu utotoni, kwa sababu hakuwa.

Elias naye alikwenda, mwezi Julai. Yuliana alinisimulia. Alifika na gari la kampuni, ameleta gunia la unga na kahawa ya shambani kwao. Notburga alimwamkia kama ilivyo ada, shikamoo kaka, naye akaitikia marahaba. Alimsongea ugali, akamkaangia usipa, wakala pamoja nje ya nyumba wakiongea habari za mguu wa mama yao na za mvua. Elias alisifu mboga. Alikula mpaka sahani ikawa tupu, akanawa, akakaa akilitazama ziwa.

"Basi, mdogo wangu," alisema mwishowe. "Yameisha?"

Notburga alikuwa anakusanya vyombo. "Chakula kimeisha, kaka," alisema. "Hayo mengine hayajaisha."

Elias alingoja kama kuna la kuongezea. Dada yake alipeleka vyombo ndani, akarudi na futi shingoni, akamwambia kuna mteja wa mapazia anamngoja nyumba ya tatu, na kwamba akipenda kupumzika kabla ya kupanda milima, mkeka uko kivulini.

Alipumzika kidogo, Yuliana anasema, halafu akaondoka kabla Notburga hajarudi.